Sifuri Iliyotumwa Yaeda Chini

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Mbulu, kwa Perpetua muuza kahawa. Leo asubuhi Scola, dada wa kompyuta wa mradi wa maji, alikuja na laptopu yake amenuna kweli. Ana programu mbili za Paitoni, lugha ya kompyuta. Moja inasoma kina cha mto. Ya pili kazi yake ni kuiita ile ya kwanza, kuchukua jibu, kisha kuwatumia kwa simu wafugaji wa Yaeda Chini, kule bondeni, wajue kama ng'ombe wanaweza kuvuka. Leo wafugaji wote wamepokea ujumbe mmoja: kina, sifuri.

— Na hapa kwenye skrini imeandika mita tatu! Oneni wenyewe, Scola akalalamika.

Tukasogea, tukaona. Mita tatu.

— Virusi hivyo, akasema Hermani fundi pikipiki, tunayemwita Spana.

— Virusi wapi! akadakia Cornel, ambaye kwa mdomo wake tunamwita Bunge. Hiyo ya kwanza aliiandika nani?

— Octavian, mwenzangu wa mradi, kabla hajahamishiwa Babati, akajibu Scola.

— Basi inamtii Octavian peke yake. Imekununia wewe.

— Au baridi, nikasema mimi. Hata betri za redio zinagoma huku.

Tulicheka sana, tukaongeza kahawa. Scola hakucheka. Aliikodolea macho mistari ya programu yake, mara akajipiga paji la uso.

— Jamani! Hii sifuri siyo kina. Ni programu inaniambia imemaliza kazi bila hitilafu. Jibu lenyewe imelimwaga kwenye skrini, mimi sikulikamata!

— Yaani umetuma mshenga ukweni, akasema Bunge, karudi kukuambia amefika salama, habari ya posa hana?

— Ndiyo hivyo hivyo!

Tukampigia makofi. Akaanza kurekebisha, na hapo akafika mzee Qamara, mfugaji wa huko Yaeda Chini, aliyepanda Mbulu kutafuta dawa ya ng'ombe.

— Shikamoo mzee, tukasema wote.

— Marahaba. Nimepata sifuri yenu. Nimemwambia mke wangu avushe ng'ombe.

Bunge, kwa sifa zake, akaanza kumweleza: sifuri ni kosa dogo tu, tumeshalijua, mto una mita tatu, tumeiona hapa tangu asubuhi.

Mzee akatutazama mmoja mmoja.

— Mliiona tangu asubuhi?

— Ndiyo, mzee.

— Sasa mbona hamkunipigia?

Niliona aibu, nikainamia kikombe. Simu zetu zilikuwa pale pale kwenye benchi. Mzee alikuwa ameshaiweka yake sikioni, na ya mke wake ilikuwa inaita tu.