Fundi Pantaleo na Mishale Iliyorudi Mizima

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, Mzee Ghanshyam na familia yako, majirani wa Ilala, viongozi wa Klabu ya Upinde na Mshale, ndugu waombolezaji, kwa niaba ya mama yetu Benedikta nimesimama kusoma historia ya baba, mimi naitwa Fortunata, mtoto wake wa tatu na wa mwisho. Kabla sijaanza naomba mjue kwamba karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu, kwa sababu juzi Alhamisi uongozi wa klabu ulituletea nyingine iliyokwisha kuchapwa na kupigwa muhuri, inayosema baba aliacha kufundisha kwa hiari yake kutokana na umri, na hiyo tumeipokea kwa heshima lakini hatutaisoma.

Marehemu Pantaleo Chilumba alizaliwa tarehe 7 Machi 1954 katika kijiji cha Lukuledi, wilaya ya Masasi, mtoto wa nne kati ya watoto saba, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1962, akamaliza darasa la saba mwaka 1968, kisha akajifunza useremala kwa mafundi wa misheni kule Ndanda, ambako alipata cheti mwaka 1973 na kovu la randa kwenye kidole gumba, na alivionyesha vyote viwili kwa fahari ileile.

Mwaka 1975 alikuja Dar es Salaam, akaajiriwa katika kiwanda cha samani huko Keko, akafanya kazi miaka kumi na sita hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1991, ndipo akafungua karakana yake hapa Ilala, akichonga miguu ya meza na mipini ya majembe, mipini ambayo wengi wenu mliinunua dukani kwa Mzee Ghanshyam, Mchafukoge, bila kujua imetoka wapi. Tarehe 22 Septemba 1979 alifunga ndoa na mama yetu, wakajaliwa watoto watatu, Robert, Caroline na mimi, na wajukuu saba, na katika miaka arobaini na mitano ya ndoa waligombana kila wiki juu ya vumbi la mbao kwenye shuka, wakapatana kila wiki.

Mishale iliingia maishani mwake mwaka 1998. Mzee Ghanshyam, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameanzisha klabu na rafiki zake, alifika karakanani na mshale wa kigeni uliovunjika, akauliza, "Fundi, hii unaweza?" na baba akaugeuzageuza, akamjibu, "Bosi, hii nilikuwa natengeneza nikiwa na miaka minane, tena hii yenu imekaa vibaya." Tangu siku hiyo akawa akiagiza fito za mkole kutoka Masasi kwa basi, anaziacha zikauke miezi sita darini, anazinyoosha kwa joto la mkaa, anazifunga manyoya ya bata mzinga aliyopewa na wauza kuku wa Kariakoo, na mwaka 2001 klabu ikamfanya mwalimu wake, akawa anafundisha kila Jumapili viwanja vya Jangwani baada ya misa ya kwanza.

Naomba mnivumilie nieleze jinsi alivyofanya kazi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa alichofanyiwa. Baba hakutengeneza mshale mmoja mmoja wa kuuza kwa yeyote, alitengeneza mishale kumi na miwili kwa mtu mmoja, akimpima urefu wa mkono na nguvu ya upinde wake, akahakikisha yote kumi na miwili inapinda sawa na ina uzito sawa, kisha kwa msumari wa moto akachoma kwenye kila mmoja herufi ya mwenyewe na namba, moja hadi kumi na mbili. Kabla ya kuukabidhi aliupinda kidogo karibu na sikio akausikiliza, na aliwafundisha wanafunzi wafanye hivyo kila asubuhi, kwa sababu, alisema, mti ukichoka unalalamika.

Mwaka 2016 Mzee Ghanshyam alikabidhi uongozi kwa mwenyekiti wa sasa, ndugu Jovin, na mwaka 2018 klabu ikaleta mishale ya kaboni, ya kiwandani, si ya mti. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani baba alikuwa mzee wa kuogopa vitu vipya, kwa maana aliijaribu, akakiri kwamba inakwenda mbali zaidi na haipindi kwa mvua, na kwenye bonanza la Desemba mwaka huo aliingia na mishale yake ya mti akashindwa, alikuwa wa tano, na naandika wa tano kwa sababu historia hii haina sukari. Alichokisema ni kimoja tu, kwamba kaboni ikipata ufa hailalamiki, inanyamaza mpaka siku inapopasuka, hivyo ni lazima ikaguliwe zaidi kuliko mti, na akaomba ukaguzi uwe sheria ya klabu. Walimcheka. "Mzee, hii haihitaji kubembelezwa kama mkole wako," wakamwambia, na wengine waliocheka wapo hapa leo wamevaa nyeusi.

Jumapili tarehe 15 Septemba 2019, baba akiwa Lukuledi kumzika dada yake, mshale ulipasuka Jangwani wakati binti Shreya, mwanafunzi wake aliyekuwa na miaka kumi na tisa, akiuachia, na vipande vikamwingia mkono wa kushoto ulioshika upinde. Wiki ileile wazazi wake wakampeleka India kutibiwa. Jumatatu tarehe 23 bodaboda akaleta hapa nyumbani barua ya kumfukuza baba na kiroba chenye mishale yote aliyoitengeneza iliyokuwa klabu, na kwenye ukuta wa ofisi ya klabu likabandikwa tangazo, kwamba mishale ya mti imepigwa marufuku baada ya mshale wa fundi Pantaleo kumjeruhi mwanachama.

Na baba aliamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, ndugu zangu, aliamini, kwa sababu fundi mwaminifu akiambiwa kazi yake imeumiza mtu, huanza kutafuta kosa kwake mwenyewe. Alikwenda Mchafukoge pamoja na mama kuwaomba radhi wazazi wa binti, akakuta mlango una kufuli, akarudi, akakisukuma kiroba chini ya meza ya kazi bila kukifungua, na kwa miezi kumi na moja hakugusa fito, alichonga mipini tu.

Mwezi Agosti mwaka 2020 mama alikosa vijiti vya kuwashia jiko la mkaa. Akakivuta kile kiroba, akakifungua, akaanza kutoa mishale ili aivunje, na kwa kuwa mama yetu amekaa na fundi huyu miaka mingi, akasoma herufi zilizochomwa, akaita, "Baba Robert, njoo uhesabu hapa." Walihesabu pamoja sakafuni. Mishale yenye herufi ya Shreya ilikuwamo yote, moja hadi kumi na mbili, hakuna uliovunjika, hakuna uliopungua, na baba hakuwahi kumtengenezea seti nyingine. Mshale uliopasukia mkononi mwa mtu haurudi mzima kwenye kiroba.

Baba aliandika barua tatu kwa klabu, tarehe 2 Septemba 2020, tarehe 11 Januari 2021 na tarehe 6 Juni 2022, hakuomba fidia wala kurudishiwa ualimu, aliomba tangazo lishushwe na wanachama waambiwe ukweli, na jibu pekee alilopata ni la mdomo, mlangoni pa ofisi, "Mzee, hayo yamepita, tuangalie ya mbele." Januari mwaka huu Shreya alirudi nchini, akaja moja kwa moja kumwamkia mwalimu wake, na alipoambiwa kuhusu tangazo alishika kichwa, kwa sababu tangu siku ile alijua alichokuwa ameshika, ulikuwa mshale wa kaboni wa klabu, mwenyekiti alimpa aujaribu, na hakuna aliyeukagua. Aliandika maelezo yake, akayasaini, klabu ikayapokea tarehe 3 Februari 2025, na tangazo bado liko ukutani, jana Robert alilipiga picha.

Baba aliugua saratani ya tezi dume, naitaja kwa jina lake kwa sababu alitaka wanaume wenzake wasikie na wakapime mapema, iligundulika Novemba mwaka 2023, akatibiwa kwa vipindi, hali ikabadilika mwezi Julai, na Jumatano tarehe 20 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akafariki akiwa na miaka sabini na mmoja. Siku nne kabla aliniita kitandani, nikamwambia nitawasema hawa watu msibani mpaka wakome, akanikatalia, "Usimtukane mtu, mwanangu. Wewe taja tarehe tu." Nimezitaja, baba.

Sasa kuhusu mishale kumi na miwili ya kaboni yenye utepe mweupe, ambayo klabu imeileta iwekwe juu ya jeneza na kupigwa picha, familia inashukuru, haitawekwa, Robert atairudisha Jumatatu ikiwa mizima, tumeihesabu.

Ndugu mwenyekiti, upo hapa, umekaa kiti cha pili mbele, na kipaza sauti hiki kinafika hapo ulipo. Kwenye karatasi yangu nimeandika sentensi mbili, moja ya kusoma ukisimama na kusema ukweli, nyingine ya kusoma usiposimama, naomba sote tukae kimya dakika moja.

Asanteni. Ile ya kwanza ilikuwa ya kukushukuru, naikunja, utaikuta kwa mama siku ukiihitaji, nasoma ya pili. Mpaka leo waliosema mshale wa Pantaleo ulimjeruhi binti wa watu tuseme walikuwa hawajui, lakini kuanzia leo Jumamosi tarehe 23 Agosti 2025, saa tano na dakika ishirini asubuhi, mbele yenu na mbele ya Shreya mwenyewe aliyesimama pale karibu na mama, atakayelisema tena atakuwa anasema uongo akijua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumchoka, jumuiya yetu ndogo ndogo iliyokesha nasi, majirani kwa turubai, viti na chakula, mafundi wenzake wa Ilala waliochonga jeneza hili na kukataa malipo, wauza kuku wa Kariakoo, na Mzee Ghanshyam, aliyekuja wodini kila alasiri na chai ya tangawizi, wakabishana kuhusu manyoya mpaka muuguzi akawanyamazisha. Tunaishukuru pia klabu kwa kurudisha kile kiroba, maana bila wao tusingehesabu. Baba, pumzika wewe kwa amani, sisi tutapumzika siku tangazo lile litakaposhuka ukutani.