Sanduku la Ambroise Lisivuke Kizingiti Hiki

Sogeeni karibu, wanangu, na weye Evariste usisimame mlangoni kama mgeni, maana niliyo nayo kifuani ni machache na pumzi ni chache zaidi.

Jana mchana mlidhani nimelala. Dirisha lilikuwa wazi, nami nikamsikia baba yenu mdogo Ambroise akimwambia Evariste: "Muzee akienda, mazishi yote iko juu yangu. Sanduku ya vioo, turubai, viti, ng'ombe mbili, fanfari ya tarumbeta. Lakini dada yako aondoe jina yake kwa kura ya baraza ya komine. Nyumba moja kutoa bakandida mbili, mimi na yeye? Batu batatuchekelea." Na Evariste, mwanangu wa kwanza, akajibu: "Baba mudogo, nitamuongelesha."

Mimi hukuniongelesha. Basi nakujibu ningali hai: sanduku la Ambroise lisivuke kizingiti hiki, na Félicité haondoi jina.

Husemwa damu ni nzito kuliko maji. Sikatai. Tulipokimbia vita kutoka Bogoro, mimi na Ambroise tulilala mkeka mmoja hapa Mudzipela, na alipofungua depo yake, ghala la maharagwe, nikawa mkubwa wa wabeba mizigo wake. Kisha mvua ikalowesha ubao wa kupandia motoka, Mathieu, mmoja wa wabeba wangu, mtu wa upande wa pili wa vita ile, akateleza na gunia mabegani, mgongo ukavunjika. Ambroise alisimama mlangoni pa depo akasema: "Huyo si mutu wa kwetu. Batu yake bamutunze." Nikamuuliza, alipokuwa chini ya gunia lako, mbona hukuuliza ni mtu wa wapi? Akacheka: "Yaya, weye beba magunia, usibebe na batu." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Niliondoka siku ile, na sijala tena mezani kwake.

Félicité, ulikuwa msichana, weye ndiye uliyepeleka chakula kwa Mathieu. Kwa hiyo ninajua yalikotoka maneno unayosema sokoni: kwamba anayevunjika kazini atibiwe na mwenye kazi, kwamba mama wanaochambua maharagwe wapewe kivuli na choo, kwamba kiti cha komine ni cha mtaa mzima, si cha jamaa moja. Wanasema unagawanya jamaa. Jamaa iligawanywa mbele ya lile gunia, na aliyeigawanya hukuwa weye.

Kiwanja hiki ni chenu ninyi watatu, kisiuzwe. Ng'ombe walioko Bogoro ni wa Rébecca, mdogo wenu, amalize masomo. Evariste, pikipiki ni yako, lakini usiifunge bendera ya kampeni ya mtu kwa ajili ya mafuta ya siku moja.

Kuhusu kunizika. Mbao zilizokuwa juu ya dari zimeshashushwa, ni za ule mkaratusi wa nyuma ya choo, zimekauka vizuri. Leo asubuhi seremala Blanchard alikuja kunipima, akaona haya, akapima urefu akataka kukimbia. Nikamwambia: rudi, mabega bado, sitaki kubanwa na huko pia.

Wabeba mizigo wanibebe, wa kwetu na wa upande wa pili, begani, bila motoka. Mathieu asiyeweza tena kubeba kitu atangulie na msalaba. Watu wapewe ugali na sombe, majani yetu ya muhogo, walie, waende nyumbani. Mkono mtupu haulambwi, watasema. Basi wasilambe.

Na weye, Félicité, juu ya kaburi langu usiombe kura hata moja. Usivae kitambaa chenye picha yako. Maiti yangu si jukwaa la Ambroise, na si lako. Kilio kikiisha, rudi sokoni, useme yale yale kwa sauti ile ile. Ukishindwa, useme tena.

Ambroise msimfukuze. Ni ndugu yangu. Atupe udongo, ni haki yake. Udongo tu.

Maji kidogo, Rébecca... Inatosha.

Félicité, leta kichwa. Mungu wa baba zangu akupe shingo isiyoinama kwa kitoweo. Rébecca, akupe nuru. Evariste... mkono haufiki, sogea. Hivyo. Nawe nakubariki, usilie, nimekukaripia kwa sababu... weye ndiye utakayebaki mlangoni sanduku lile likija.

Mnasikia nyundo? Ni Blanchard, ameanza. Msimwambie apige polepole. Mwacheni apige... Ambroise asikie hadi kule kwake.