Barua ya Mkurugenzi

Benchi la Mama Birika, muuza kahawa, linatazamana na geti la kiwanda cha sabuni. Kila asubuhi wanaolikalia ni walewale: Kinyozi, ambaye wateja wake hawaamki mapema, Masjala, karani mstaafu, na Mkurugenzi, aliyepewa jina hilo kwa utani tu, maana kazi hana. Miaka saba iliyopita aliomba ukarani wa stoo humo kiwandani. Simu yake ilikuwa imeibwa wiki ileile, akaandika namba ya Mama Birika. Wakamwambia barua itatunzwa kwenye faili, ataitwa. Basi tangu siku hiyo akawa mtu wa benchi, sikio lote kwenye simu ya mwenzake.

Leo alikuja na begi. Shemeji yake amempatia kazi kwenye karakana ya mbao, mji wa mbali, na basi linaondoka saa nne. Mke na watoto wameshatangulia. Alichotaka kujua ni kimoja tu: barua ya maombi hukaa ofisini muda gani?

— Miezi sita, alisema Masjala. Halafu moto.

Kinyozi akabisha. Eti kampuni kubwa hazichomi kitu, zinakuchunguza kwanza. Zinamtuma mtu aje kunyolewa, aulizie tabia zako. Yeye mwenyewe ameshamnyoa mmoja, maswali chungu nzima. Masjala hakukubali kushindwa: enzi zake kuna barua ilikaa miaka thelathini, mwombaji akaitwa akiwa na wajukuu, na kazini akaripoti, fimbo mkononi. Mama Birika akawaambia wote wawili wanaweweseka kama wenye homa, akamwongezea Mkurugenzi kahawa bila kuombwa.

Mkurugenzi hakucheka. Macho yake yalikuwa getini. Kazi ile ameshaifanya moyoni miaka yote: anajua meza ataiweka upande gani, anajua funguo atazitundika wapi. Aliitamani mno, kuliko alivyowahi kumwambia mkewe.

Mara dada mmoja mwenye kitambulisho shingoni akavuka barabara, akaagiza kikombe. Kumbe ni karani mpya wa ofisi ya ajira. Masjala akamtupia swali lao.

— Mimi nimekuta kabati limejaa, alisema. Hakuna aliyezitupa barua, hakuna aliyezisoma. Leo nimeambiwa nizichome zote.

Mkurugenzi akauliza, kwa sauti ya chini, kama za ukarani wa stoo zimo. Dada akasema zimo, ila stoo yenyewe ilishavunjwa, siku hizi pale yanaegeshwa malori. Akamtazama, akaelewa.

— Kaka, barua ni yako. Unataka niitunze mpaka lini?

Benchi zima likamgeukia Mkurugenzi. Ilikuwa imebaki robo saa basi liondoke.

— Nivumilie mpaka kesho, dada yangu, alisema Mkurugenzi.

Akalisukuma begi chini ya benchi, akamnyooshea Mama Birika kikombe.