Ekzosi ya Bwana Harusi

Pale Lituhi, ukishuka ziwani kuelekea wanakoanika dagaa wa usipa, kuna benchi lililotengenezwa kwa ubavu wa mtumbwi uliooza, na hapo ndipo wataalamu wa dunia nzima hukutana asubuhi kunywa kahawa ya Katarina. Hakuna jambo lililowahi kuwashinda. Bei ya mahindi, magonjwa ya mibuni kule Mbinga, timu ya taifa, yote yalishapatiwa dawa hapo, ila tu hakuna aliyekuja kuichukua. Ijumaa hiyo kikao kilikuwa na jambo zito. Mbele ya benchi, juu ya magogo, ilikaa pikipiki ya maji ya Raimundi, na katikati ya mgongo wake lilichomoza bomba la moshi la lori la makaa ya mawe, jeusi, nene, limesimama wima. Na kesho yake Raimundi alikuwa anaoa.

Pikipiki yenyewe aliachiwa na mwenye nyumba ya wageni aliyehama, aliyemwambia aichukue kabla kuku hawajaifanya banda. Siku hiyo hiyo Raimundi alikwenda ukweni na ahadi: atamfuata mchumba wake, Luisa, kijijini kwao kwa maji, ampakie nyuma, aje naye mpaka kanisani, na mlio usikike kabla wao hawajaonekana, kama bodaboda za Mbinga mjini zinavyosindikiza maharusi. Tatizo ni kwamba mashine ilikuwa na adabu mno. Iliguna tu, huku inatema maji kwa nyuma. Raimundi ni fundi pikipiki, watu wanamwita Injinia, na katika ufundi wake wote hakuwahi kuona ekzosi inayotema maji. Akahukumu papo hapo kwamba inavuja. Akaziba njia ya maji, akalikata boksi la plastiki la kupunguza kelele, akachomelea bomba la lori. Boksi sasa lilikuwa chini ya benchi, na kuku wa Katarina alikuwa ameshalihamia.

— Hapo umeweka kitu cha kiume, alisema Elias.

Elias wanamwita Makaa, kwa kuwa aliwahi kuwa utingo wa lori la makaa ya mawe kule Ngaka, na tangu hapo hakuna chombo duniani, hata baiskeli ya katekista, asichokilinganisha na lori.

— Bomba linatakiwa litazame juu, aliendelea. Injini yenye maji kwenye ekzosi ina homa ya mapafu hiyo.

— Jana ulipoiwasha nilidhani tumeletewa kiwanda, alisema Katarina. Mbuzi wa Kapteni hawajarudi mpaka sasa.

— Watarudi, alisema Meshack. Wanatafakari.

Meshack ndiye Kapteni. Alifanya kazi melini miaka mingi. Alikuwa mpishi, lakini hilo halisemwi mbele yake.

Raimundi alizungusha kikombe mkononi. Jana, kabla hajaizima, bomba lilikuwa limeanza kuwa jekundu pale chini, na pua yake ilinusa mpira unaoungua. Alitamani mtu mmoja tu amwambie azime. Watu wakampigia makofi. Tangu usiku alikuwa na wasiwasi kwamba yale maji aliyoyaziba labda yalikuwa na kazi yake. Lakini Injinia kuuliza swali la ufundi kijiweni ni sawa na padri kuuliza jinsi ya kufanya ishara ya msalaba.

— Hivi, alianza taratibu, lile joto la jana mlilionaje?

— Joto lipi?

— Pale chini palipokuwa pekundu.

— Ndiyo nguvu yenyewe hiyo, alisema Makaa. Lori likipanda mlima na mzigo, pale chini panawaka mpaka dereva anachoma mahindi.

— Umemwona dereva akichoma mahindi kwenye ekzosi? aliuliza Katarina.

— Mimi nimeyala.

— Hata meli yetu bomba lilikuwa jekundu, alisema Kapteni. Jekundu tangu lilipotoka kiwandani.

— Hiyo si rangi ya kopo, Kapteni?

— Mimi nilikuwa ndani ya meli. Wewe ulikuwa wapi?

Katarina akakubali kwamba hakuwepo, akaongeza kahawa.

— Tena joto ni faida, alisema Makaa. Mawimbi yakimlowesha bibi harusi, atafika kanisani amekauka na amepigwa pasi.

— Na mlio ndio faida kubwa zaidi, alisema Kapteni. Mamba wote watahamia ng'ambo. Usipa watarukia mitumbwini wenyewe, watu waache kununua nyavu.

— Na ng'ambo wakisikia? aliuliza Katarina.

— Wasikie. Nao waje na zawadi. Halafu kuna jambo hamlijui nyie wa nchi kavu. Mlio ni upepo. Mlio ukiwa mkubwa unasukuma chombo wenyewe.

— Kumbe petroli ni ya kuanzia tu, alisema Makaa.

— Ya kuanzia tu. Ukifika katikati unazima injini, unakwenda na mlio.

Raimundi alijua huo ni uongo. Lakini ulikuwa uongo mtamu, na mtu anayeoa kesho hana muda wa kutafuta ukweli. Akaanza kupata nafuu. Hata akacheka.

Ndipo akatokea Benadetha, shangazi yake Luisa, vumbi la njia limemfika magotini, kitambaa kimekunjwa kwapani. Benchi zima likainuka, Raimundi akiwa wa kwanza.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba, mkwe. Habari za hapa?

— Nzuri. Karibu kahawa.

— Nitakunywa, ngoja kwanza nimalize nilichotumwa.

Akakikunjua kitambaa. Kilikuwa cheupe, kimedariziwa maua mekundu pembe zote, na katikati jina la Raimundi.

— Amekidarizi mwenyewe tangu ulipomwahidi, alisema. Amesema nikitandike leo kwenye kiti chake, kesho tusije tukahangaika.

Akaizunguka pikipiki. Akaona kiti cha dereva. Nyuma ya kiti cha dereva akaona bomba. Nyuma ya bomba akaona ziwa. Akazunguka tena upande wa pili, polepole, kama mtu anayedhani amepitwa na kitu.

— Mkwe, alisema, Luisa anakaa wapi?

Makaa akachungulia kikombe chake, ambacho kilikuwa kitupu. Kapteni akaanza kusoma hali ya hewa. Katarina akapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Raimundi alikuwa ameisikia kesho yake mara nyingi kichwani, mlio ukipiga milimani na kurudi, watu wakikimbilia ufukweni. Sasa alimtafuta Luisa katika safari hiyo na hakumwona popote. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

— Kwenye lori, alianza Makaa, utingo huwa anakaa juu ya...

— Nyamaza, Makaa.

Akainama chini ya benchi, akamwinua kuku, akadonolewa, akalivuta lile boksi la plastiki. Akajaribu kuviunganisha vipande vyake viwili. Havikukutana.

Benadetha alikuwa bado amekishika kitambaa kwa mikono yote miwili, anasubiri kuonyeshwa pa kukitandika.