Gicheru wa Muriithi na Bunduki Iliyofutwa Namba

Marehemu Gicheru wa Muriithi alifungwa kwa ajili ya bunduki ambayo haikuwa yake na haikuwa ya polisi, na mwenye bunduki hiyo anajulikana. Ni Nderitu wa Kingori, jirani yetu wa Mweiga, mzee wa kanisa, ambaye leo amekuja kumzika. Kamati ya mazishi iliomba maneno haya yawekwe mwishoni, au yasiwekwe kabisa. Mimi Watiri, mke wa marehemu, nilikataa. Nimeyasema kwa mdomo, na binti yetu Wachuka ameyaandika na ndiye anayewasomea.

Marehemu alizaliwa Mukurweini tarehe 3 Aprili 1927, mtoto wa tatu wa mzee Muriithi na mkewe Wachuka, ambaye binti yetu amepewa jina lake; wote wawili walishatangulia. Alibatizwa akiwa na miaka tisa.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la tatu. Mwaka 1940 baba yake alivunjika mguu, naye akaacha masomo ili achunge ng'ombe na kuvuna kahawa ya watu. Mwalimu wake alimkumbuka kwa jambo moja. Vibao vya kuandikia vya darasa zima vilikuwa vimelegea kwenye fremu, na mtoto huyo alivikusanya siku ya Ijumaa na kuvirudisha Jumatatu vikiwa vimekazwa vyote, bila kuambiwa na mtu. Mwalimu alimchapa viboko viwili kwa kutoka na mali ya shule, kisha akampa chai.

Mwaka 1946 alikwenda Nyeri mjini na kupata kazi katika karakana ya bunduki ya Mzungu mmoja. Fundi mkuu pale alikuwa Mzee Sulemani wa Majengo, aliyetengeneza silaha za jeshi mpaka Uhabeshi wakati wa vita na Waitaliano. Vita vilipokwisha, nchi hii ilijaa bunduki za masalio, nyingine za Kiingereza, nyingine zilizonyang'anywa Waitaliano, nyingi zikiwa zimebadilishwa mbao mara mbili au tatu. Mzee Sulemani alimfunga marehemu macho kwa kitambaa, akamwekea bunduki mikononi na kumuuliza, "Haya, kijana wa Mukurweini, huyu bibi katoka kwao wapi?" Marehemu alipapasa mtutu, akapapasa mahali pa kuingizia risasi, akajibu. Akikosea, ndiye aliyefagia karakana siku hiyo. Mzee Sulemani alisema kwamba baada ya mwaka mmoja ilibidi arudi kufagia yeye mwenyewe, kwa kuwa kijana hakukosea tena.

Karakana hiyo ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, bunduki haiondoki mezani ikiwa na kutu. Ya pili, habari za bunduki haambiwi mtu mwingine kabla ya mwenyewe kuambiwa. Marehemu alizishika sheria hizo kama alivyoshika amri za Mungu, na ndizo zilizomfunga.

Mwezi wa Machi 1955, wakati wa Hali ya Hatari, Nderitu wa Kingori alikuwa homugadi, askari mwenyeji wa serikali, akilinda shamba la Mzungu huko Mweiga. Alileta karakanani bunduki fupi ya Kiitaliano aliyopewa na serikali mwaka uliotangulia. Shingo ya ubao ilikuwa imepasuka kwa sababu alikuwa akipigilia nguzo ya ua kwa kitako chake. Mzee Sulemani alimuuliza, "Bwana askari, hii ni bunduki ama nyundo?" Watu walicheka, na Nderitu akacheka pia. Marehemu ndiye aliyeuziba ule ufa. Aliweka kipande cha mutamaiyu, ule mzeituni wa mwituni, na kukikaza kwa pini mbili za shaba.

Mwaka uliofuata Nderitu aliripoti kwamba amenyang'anywa bunduki hiyo na watu wa msituni, na kwamba aliyewafungulia lango ni Wamae, kijana aliyekamua ng'ombe pale shambani. Wamae alichukuliwa asubuhi akiwa na ndoo mkononi. Alipelekwa kizuizini na hakurudi. Mama yake, Kabura, hajaonyeshwa kaburi la mwanawe mpaka leo.

Marehemu na mimi tulifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1957. Mungu alitupa watoto watatu. Hakuwahi kuniinulia mkono, wala kunicheka kwa sababu sikusoma. Barua ikija aliisoma kwa sauti yote, hata mahali nilipotukanwa na dada zake.

Mzungu wa karakana aliondoka mwaka 1964 na kazi ikaisha. Mwaka huohuo tulipata ekari saba Mweiga, katika shamba lililogawanywa. Ilikuwa sehemu ya shamba lile alilolinda Nderitu, na kibanda cha zamani cha maziwa kiliangukia upande wetu. Nderitu naye alipata shamba, ng'ambo ya kijito. Tulipanda viazi, tukafuga ng'ombe wawili. Tuliazimana jembe.

Siku ya Jumatano, tarehe 14 Februari 1968, marehemu alivunja sakafu ya kibanda cha maziwa ili tujenge stoo ya viazi. Chini ya saruji palikuwa na gunia lililopakwa lami. Ndani yake kulikuwa na bunduki.

Nilimwambia, "Baba Wachuka, funika hiyo kitu. Twende polisi sasa hivi."

"Tutaenda."

"Sio tutaenda. Sasa."

Aliishika, akaigeuza. Juu ya mtutu na ubavuni, kila mahali palipokuwa na alama, palikuwa pamesuguliwa kwa tupa mpaka chuma kikawa cheupe, kisha kikapata kutu. Hapakuwa na namba wala jina la nchi. Alipitisha kidole gumba kwenye shingo ya ubao.

"Hizi pini ni zangu," akasema. "Hii mbao iko na mkono wangu. Ni ile ya Nderitu."

"Basi ni mbaya zaidi."

"Mama Wachuka, nikiipeleka na kutu hivi, wataniuliza mimi ni fundi wa nini."

Hapo ndipo alipokosea, nami nasema alikosea. Mtu mwingine yeyote angeikimbiza kituoni ikiwa na udongo wake. Yeye aliipangusa kwa siku tatu. Alitoa kutu, akapaka mafuta chuma, akapaka ubao mafuta ya kitani kama vile mteja anakuja kuichukua. Siku ya Ijumaa mchana alifungua skrubu mbili na kuinua ubao kutoka kwenye mtutu. Chini yake, mahali pasipoonekana, palikuwa na namba ambayo haikuguswa na tupa. Aliniita nione. Watoto walikuwa mlangoni, kwa hiyo hakuisoma kwa sauti. Niliona herufi moja, kisha tarakimu nne. Akarudisha skrubu.

Siku ya Jumamosi asubuhi alivuka kijito kwenda kwa Nderitu, kwa sababu ya ile sheria ya pili. Nilimshika koti. Alisema, "Ni ya mwenyewe. Aambiwe kwanza, halafu tuipeleke pamoja, yeye aseme na mimi niseme." Aliporudi alikuwa na uso mzuri. Nderitu alikuwa amempa uji na kumwambia, "Gicheru, umenifanyia vizuri sana. Nipe hadi Jumatatu nijipange." Mimi sikulala tangu wakati huo.

Jumapili tarehe 18, tukivaa kwenda kanisani, polisi sita waliingia. Hawakutafuta. Walikwenda moja kwa moja mpaka kwenye sanduku la mbegu tulimoiweka bunduki, na nje ya nyumba yetu ni Nderitu tu aliyekuwa ameambiwa.

Mahakamani walisema hiyo ni bunduki iliyoibwa katika kituo kimoja cha polisi mwaka 1966, ambayo mwizi wake hakuwa amepatikana. Mwendesha mashtaka aliiinua juu, akapitisha leso nyeupe kwenye chuma, akaionyesha leso. "Mafuta mabichi! Bunduki eti iliyozikwa miaka kumi na mbili inapakwa mafuta na nani, mheshimiwa? Na katika wilaya hii nzima, nani anajua kufuta namba ya bunduki kama sio fundi wa bunduki?"

Marehemu alijibu vizuri. Wote waliokuwepo walisikia. Alisema, "Mheshimiwa, fundi angefuta na ile iliyo chini ya mbao. Huyu alifuta zile anazoziona tu. Naomba mtoe skrubu mbili." Akataja namba, akaomba ilinganishwe na kitabu cha bunduki za homugadi.

Mwendesha mashtaka alisema kielelezo hakichezewi mahakamani, tena na mshtakiwa, na kwamba mshtakiwa anaweza kutaja namba yoyote inayomjia kichwani.

Mzee Sulemani alifunga safari kuja kushuhudia, akiwa na kanzu safi. Alieleza kwamba bunduki ya polisi ina tundu pana, na hii ina tundu jembamba la Kiitaliano, hata risasi ya polisi haiwezi kuingia. "Ileteni risasi moja tu, mjionee. Ikiingia, nifungeni mimi." Aliulizwa kama ndiye aliyemfundisha mshtakiwa kazi. Akasema ndiye, na kwamba hajapata mwanafunzi kama huyo. Wakamshukuru na kumwambia akae chini, kabla hajafika kwa Nderitu na ile nyundo.

Nderitu aliapa akishika Biblia. Alisema bunduki yake ya zamani ilikuwa ndefu, ya Kiingereza, na ilichukuliwa na watu wa msituni mwaka 1956. Alisema hajawahi kukanyaga karakana ya Nyeri. Hakumtazama marehemu hata mara moja.

Kisha niliitwa mimi.

"Mama, uliiona namba?"

"Niliiona."

"Haya, tuambie. Ni namba gani?"

Nikasema sijui kusoma. Watu walicheka nyuma. Nikasema naweza kuichora jinsi ilivyokaa, nikaanza kuchora kwa kidole juu ya meza ya mashahidi.

"Mheshimiwa," akasema yule bwana, "sasa mama anatuchorea mahindi."

Walicheka tena, na hakimu akaniambia nishuke. Mume wangu alinitazama kutoka kizimbani na kutikisa kichwa polepole, kunionyesha kwamba hakunilaumu. Nimejilaumu mwenyewe, kila siku. Mtoto wa darasa la kwanza angesema kile ambacho mimi sikuweza kusema.

Tarehe 6 Mei 1968 alihukumiwa miaka saba. Alitoka tarehe 10 Januari 1973, baada ya kupunguziwa kifungo. Alipasua mawe kwa muda wote huo. Nyumbani tuliitwa jamaa ya mwizi wa bunduki. Hata mwanetu Muriithi alipokuja kuwa mtu mzima, alikataliwa kazi ya uaskari wa wanyama kwa sababu ya jina la baba yake. Wanawake wa kikundi chetu waliacha kuja kunisaidia kuvuna. Nderitu alichaguliwa mzee wa kanisa mwaka 1970.

Baada ya kutoka, marehemu hakushika silaha tena. Alitengeneza viti na milango, na wengi wenu mmekalia kazi yake leo. Alituma barua kwa polisi mwaka 1974, 1977 na 1981, akiomba skrubu mbili zifunguliwe. Ya mwisho ilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba kielelezo bado kimo ghalani. Mwaka 1980 nilijiunga na darasa la ngumbaru. Jambo la kwanza nililomwomba mwalimu, Bi Waridi, ni tarakimu. Siku niliyoandika ile namba jinsi nilivyoiona mwaka ule, niliipeleka kwa marehemu bila kusema neno. Aliisoma, akauliza, "Nani alikuambia?" Nikamwambia hakuna mtu. Alivua kofia na kulia. Nawatajia sasa, na imechapishwa hapa ili kila mtu aende nayo nyumbani: T 6038.

Kifua kilimwanza gerezani, kutokana na vumbi la mawe, na hakikumwacha. Mwezi wa Juni mwaka huu alilazwa hospitalini wiki tatu, akarudishwa nyumbani. Katikati ya Julai alituma mtu amwite Nderitu. Nderitu alikuja, akasimama mlangoni na fimbo yake.

Marehemu alimwambia, "Sitaki ufungwe. Sisi ni wazee. Sema tu."

Nderitu akasema, "Pumzika, Gicheru. Hayo mambo yalipita."

"Kwa Wamae hayajapita."

Nderitu aliomba sala ndefu, kisha akaondoka. Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 9 Agosti 1984, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshikilia mgongo ili apate pumzi.

Ameniacha mimi mjane wake, watoto wake Wachuka, Muriithi na Ngendo, wajukuu wanne, dada zake wawili, na Mzee Sulemani, ambaye ni mgonjwa Majengo na ametuma wanawe. Sulemani alisema waandikwe miongoni mwa jamaa, nasi tumewaandika.

Polisi wanadaiwa kazi ya dakika tano: watoe ubao kwenye bunduki hiyo, wasome namba mbele ya watoto wa marehemu, na waitafute katika kitabu cha bunduki za homugadi cha mwaka 1954. Halafu wafute jina la Gicheru mahali walipoliandika.

Nderitu wa Kingori anadaiwa maneno tu: kwamba bunduki ilikuwa yake, na kwamba Wamae hakufungua lango. Anadaiwa na nyumba hii, na kabla ya nyumba hii anadaiwa na mama Kabura, aliyeketi mstari wa pili mwenye shuka ya kijivu, ambaye macho yameisha na hawezi kusoma karatasi hii. Nderitu hana haja ya kwenda mahakamani wala kutafuta wakili. Mungu amempa Gicheru pumziko lake. Kabura yuko hatua kumi kutoka alipo Nderitu, na masikio yake bado ni mazima. Wachuka akimaliza kusoma hapa, tutanyamaza kabla ya kushusha jeneza, ili Nderitu apate nafasi.