Jalada la Yasiyohusika

Waheshimiwa wanakikundi, ndugu zangu mliofiwa na wenza wenu, nawasalimu nyote, mmoja mmoja, kabla sijasema lolote jingine. Kwa nini nasisitiza salamu, mtafahamu kabla sijakaa.

Mimi ni mstaafu. Utumishi wangu wote nilikuwa mtunza kumbukumbu katika ofisi ya umma hapa Newala, na ninaposema hakuna jalada lililopotea mikononi mwangu, sijigambi, natoa taarifa. Leo sitataja jina la mtu, ila mke wangu nitamwita kama mlivyomzoea: Mama Hawa.

Nilipostaafu tulifungua kibanda cha kahawa mbele ya nyumba yetu, jirani na soko. Mimi nilihangaika na madumu ya maji, maana hapa kwetu maji ni shida kuliko kahawa yenyewe. Yeye alipika, akamimina, akazungumza na watu. Hakuna aliyepewa kikombe kabla ya kuulizwa habari za nyumbani, na fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, mtani wake, alikuwa hanywi mpaka watukanane waridhike.

Kisha Mama Hawa akaugua. Miguu ikavimba, akawa wa kulala chumba cha nyuma. Peke yangu sikuweza kumuuguza na kuhudumia benchi zima. Nikaona njia: watu waagize kwa simu, wapitie dirishani kuchukua. Nikamwendea mwalimu mmoja wa kompyuta kule Masasi, mama mtu mzima, tukakaa kuchora kwenye karatasi kurasa za programu ya simu ya kupokea oda.

"Hapa, mzee," akasema, "tuweke nafasi ya mteja kuandika neno."

"Neno gani? Anayetaka kahawa achague kahawa, ataje vikombe na saa ya kuchukua. Basi."

"Mzee wangu, watu wa huko kwenu wataomba kitu bila shikamoo?"

"Salamu si oda, mwalimu."

Akacheka, lakini hakukubali. Tukapatana hivi: nafasi iwepo, ila yatakayoandikwa humo yasiingie katika orodha ya oda, yakae pembeni, kwenye jalada lake. Sikuruhusu yafutwe, kwa sababu mtunza kumbukumbu hafuti kitu. Jalada hilo nililipa jina mwenyewe: Yasiyohusika. Nikaelekeza simu isilie kwa ajili yake. Sikulifungua hata siku moja.

Ndugu zangu, nawaambia, programu ile ilifanya kazi. Oda ziliingia kwa utaratibu, kahawa ilikuwa tayari kwa wakati. Dirishani nilibandika tangazo: "Ndani kuna mgonjwa. Tafadhali kimya." Watu wetu wana adabu, walichukua vikombe wakaondoka kwa kunyata. Benchi likabaki tupu.

Mama Hawa alikuwa akisikiliza. Asubuhi moja akaniuliza, "Baba Hawa, yule fundi baiskeli yu hai kweli?"

"Yu hai. Amechukua kahawa sasa hivi."

"Na hakuniulizia?"

Nikafungua simu. Nikapitia orodha ya oda kutoka juu hadi chini, kwa uangalifu wangu wote, nikamjibu kama karani: "Kwa mujibu wa orodha, hakuna aliyekuulizia."

Akasema, "Haya. Labda niliwachosha na maneno yangu." Akageukia ukutani. Hakuuliza tena. Siku chache baadaye akatutoka.

Msibani watu walijaa hadi barabarani, nami nikawaka. Fundi baiskeli aliponishika mkono akilia, niliuchomoa.

"Leo ndiyo mnamjua? Alipokuwa hai mlikuwa wapi?"

"Baba Hawa, mbona tulikuwa tunamwandikia? Alipokuwa hajibu, tukasema amezidiwa."

"Usiseme uongo katika msiba wangu!"

Nilitamka hayo mbele ya wakubwa na wadogo. Matanga yalipoanuliwa nikafunga kibanda, nikajifungia na mimi ndani. Sikupika, sikwenda msikitini. Niliishi kwa hasira, ndugu zangu, na hasira haishibishi. Kila nilipofungua mlango nilikuta dumu la maji limewekwa. Sikuuliza la nani. Nilitumia maji ya watu huku nikiwalaani.

Mwisho nikamwandikia mwalimu barua rasmi, yenye vifungu, nikimtaka aifunge programu yake iliyowafundisha watu utovu wa utu. Hakunijibu kwa barua. Alipanda mlima mwenyewe kutoka Masasi hadi kwangu.

"Shikamoo, mzee. Pole. Nitaifunga, lakini kuna jalada humu halijafunguliwa tangu siku ya kwanza."

Akalifungua, akanipa simu, akatoka kwenda kukaa kwenye benchi.

"Shikamoo, Mama Hawa. Miguu inaendeleaje? Mimi kahawa moja."

"Mama Hawa, leo kwetu maji yametoka. Nikuletee dumu?"

"Mama Hawa, tunakuombea kanisani na msikitini, chagua unakotaka upone."

Na fundi baiskeli, kila asubuhi bila kukosa: "We bibi, mtani wako bado nipo, usidhani umenishinda. Inuka unitukane." Na neno lake la mwisho: "Hujibu. Umenikasirikia?"

Nililia hadi mwalimu akarudi ndani.

Nilipoweza kusimama nilivuka barabara. Fundi alikuwa ameinamia gurudumu. Nikamwambia, "Nilikuita mwongo. Mwongo ni mimi." Hakuinua kichwa. Akasema tu, "Kaa, Baba Hawa. Hili dumu lako la leo, nilikuwa bado sijalileta." Kumbe ni yeye.

Kibanda kipo wazi tena. Programu haikufungwa, tuliichora upya, na ukurasa wake wa kwanza ni salamu. Sasa simu inalia, nami sigusi birika kabla ya kumjibu mtu.

Namshukuru mwalimu, aliyepanda mlima kwa sababu ya barua ya matusi. Namshukuru mtani wa mke wangu. Nawashukuru ninyi mlionipokea hapa nikiwa sisemi na mtu. Na kama mna mgonjwa nyumbani, ndugu zangu, kila salamu inayofika mlangoni mpelekeeni siku hiyohiyo, kama ilivyosemwa. Msimchambulie.

Nimewahi kusahihisha kumbukumbu za watu wengi. Taarifa niliyompa mke wangu sina pa kuisahihishia, isipokuwa hapa, mbele yenu mashahidi. Mama Hawa, nilikosea. Walikuulizia. Walikuulizia kila siku.