Kuuliza na Kuchukua: Maisha ya Dada Yetu Mbilimbili

Wazee wetu, ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mliofika, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, mimi ndiye ninayemfuata kuzaliwa, fundi wa majokofu, na naomba mnivumilie, maana karatasi hii nimeiandika jana mchana mezani kwake, na kila mlango ulipofunguliwa niliinua kichwa nikidhani ni yeye anaingia.

Dada yetu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Septemba 1974, saa mbili asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi ya posta, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, mama yetu akiwa mshonaji na baba yetu akiwa mpanga barua pale posta. Akiwa na miaka sita baba alimkalisha mbele ya gunia la barua na kumwonyesha kwamba hata liwe kubwa namna gani, mkono wa mpangaji unafanya mambo machache tu, unashika barua mbili, unazilinganisha, inayotangulia unaiweka mbele, unasonga kwenye inayofuata, basi, na ukirudia bila kuchoka gunia zima linakaa sawa. Tangu siku ile alipanga viatu, alipanga vifungo vya mama, na sisi wadogo zake alitupanga kwa urefu kila Jumapili, wawili wawili, ndipo tukambandika jina la Mbilimbili, ambalo hata mkurugenzi wa hospitali alikuja kulitumia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1993, na mwaka 1994 akajiunga na chuo kikuu kusomea hisabati. Kompyuta aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1995, katika chumba chenye mashine sita na wanafunzi arobaini, na likizo ile alirudi nyumbani akamwambia baba kwamba mashine zile wanazozisifia hazijui kitu zaidi ya anachokijua yeye. Baba alinuna siku nzima, mpaka alipoelezwa kwamba alikuwa anasifiwa. Dada alitueleza kuwa ndani yake mashine inajua vitendo vidogo visivyozidi vidole vyako, kuchukua namba mahali ilipo, kuilinganisha na nyingine, kujumlisha, kuirudisha, na kuruka kwenda hatua nyingine, na kila kikubwa tunachokishangaa, iwe picha ya mfupa uliovunjika au simu ya kutoka ng'ambo, kimejengwa kwa vitendo hivyo kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali, na tofali likiwa bovu usiulize rangi ya ukuta.

Alihitimu tarehe 21 Novemba 1998, na mwezi Februari 1999 akaajiriwa katika hospitali kuu, kitengo cha kompyuta, chumba cha mwisho kwenye korido ya chini, pembeni ya chumba cha kufulia mashuka, ambako alifanya kazi miaka ishirini na mitano na alizoea kusema anajua siku ya wiki kwa harufu ya sabuni. Hapo ndipo alipokutana na mume wake, mpima macho wa hospitali hiyo, aliyempima mara tatu kwa mwezi mmoja bila kumkuta na tatizo lolote, hadi muuguzi wa zamu akamwambia amuulize tu anachotaka kumuuliza. Walifunga ndoa tarehe 1 Desemba 2001, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 17 Aprili 2003, na kijana aliyezaliwa tarehe 30 Julai 2007, ambaye wiki hii alikuwa katikati ya mitihani.

Sasa naomba nisome jambo ambalo wengi wenu hamlijui, na ambalo shemeji yangu, yaani mume wake, ametaka lisomwe kama lilivyo. Mwaka 2006 dada aliandika programu ya kugawa vitanda vya wodi ya wagonjwa mahututi, wodi yenye vitanda vinane, ili karani akibonyeza kitufe mashine iulize kama kuna kitanda kilicho wazi, na kikiwepo iandike kwamba kimechukuliwa. Jumanne, tarehe 10 Machi 2009, saa tisa na dakika nane alasiri, kilikuwa kimebaki kitanda kimoja, na makarani wawili, mmoja mapokezi ya dharura na mwingine upande wa upasuaji, walibonyeza kwa wakati mmoja, mashine ikamjibu wa kwanza kwamba kipo, na kabla haijaandika kwamba kimechukuliwa ikamjibu na wa pili kwamba kipo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na machela mawili yakakutana mlangoni. Daktari alilazimika kuchagua. Mgonjwa aliyebaki nje, seremala wa miaka arobaini na sita, alipelekwa hospitali nyingine, akafia ndani ya gari saa kumi na moja na dakika ishirini jioni.

Uchunguzi ulimkuta na hatia karani wa mapokezi, kwamba hakusoma vizuri kioo cha kompyuta, na barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari imechapwa. Dada alijifungia chumbani kwake siku mbili akipitia hatua moja moja ya alichokiandika, na alipoiona ile nafasi kati ya kuuliza na kuchukua, aliniambia, alikaa sakafuni. Mkuu wake wa kitengo alimshauri anyamaze, kwa kuwa hakuna mtu mwingine pale ambaye angeweza kuiona, na nyumbani alikuwa na mtoto mdogo wa mwaka mmoja na miezi minane. Tarehe 2 Aprili 2009 aliingia mbele ya kamati bila kuitwa, akasema, "Karani hana kosa, alisoma kilichoandikwa, na aliyekiandika ni mimi." Karani alibaki kazini, na dada akasimamishwa miezi sita.

Wiki iliyofuata alikwenda nyumbani kwa mjane wa yule seremala, nami nilimsindikiza nikiamini tutafukuzwa. Mama yule alitukaribisha kwenye viti alivyovitengeneza marehemu, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia aeleze tena kwa maneno ya watu. Dada akamwambia, "Nilitenganisha vitu viwili ambavyo havikutakiwa kutenganishwa." Mama yule akasema, "Basi nenda kaviunganishe, halafu urudi unionyeshe."

Aliporudishwa kazini hakugusa kitu kingine. Alinieleza kwamba chini kabisa ya mashine kuna kitendo kimoja kinachouliza na kuchukua kwa mkupuo, ambacho ama kinafanyika chote au hakifanyiki kabisa, na hakuna anayeweza kuingiza hata wembe katikati yake, na kwamba kosa lake lilikuwa kujenga bila kukitumia. Aliibomoa programu yote akaijenga upya juu ya tofali hilo, na Jumamosi, tarehe 21 Agosti 2010, tukarudi kwa yule mama. Dada aliweka ufunguo mmoja mezani, akaniambia mimi na mtoto wa yule mama tuukimbilie, akaeleza kwamba aliyeupata ndiye mwenye kitanda, na aliyeukosa anajua papo hapo kuwa amekosa, bila kuhitaji kuuliza lolote. Mama yule alitazama, akauliza swali moja tu: "Na umeme ukikatika ufunguo ukiwa mkononi?"

Dada aliuchukua ufunguo wake tukaondoka. Alikaa na swali lile miezi mitatu, mpaka alipohakikisha kwamba mashine ikizimika na kuwaka tena inajua ufunguo uko kwa nani, akarudi kuonyesha kwa mara ya mwisho tarehe 27 Novemba 2010. Safari hii mama yule hakuuliza kitu, alikwenda jikoni akaleta chai, wakanywa, na tangu hapo wamekuwa ndugu, naye yupo hapa nasi leo, amekaa pamoja na mama yetu.

Ndugu zangu, historia kama hii huwa na sehemu ya ugonjwa, na familia imenipa nafasi ya kuiandika, lakini sina cha kuandika. Dada yetu hakuugua. Alhamisi, tarehe 16 Mei 2024, saa moja asubuhi alinipigia simu akinilalamikia kwamba mpira wa mlango wa jokofu lake hauzibi, kwamba yeye ni dada wa fundi na maziwa yanachacha, nikacheka nikamwambia nitakuja Jumamosi, na Jumamosi ndiyo leo. Saa nne na dakika kumi alikuwa akiwafundisha wafanyakazi wapya, amesimama ubaoni na chaki mkononi, akasema, "Nipeni dakika moja," akakaa, akalaza kichwa juu ya meza, na walisubiri wakidhani anafikiri. Daktari aliyempokea alikuwa amepishana naye kwenye ngazi saa mbili kabla, walitaniana, na ndiye aliyetuambia kuwa mshipa ulipasuka kichwani bila dalili. Alifariki saa tano na robo asubuhi, akiwa na miaka arobaini na tisa. Mama amekuwa akiniuliza tangu juzi kama nina hakika, nami namjibu kwamba ninayo, lakini sina.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wazazi wote wawili, na wadogo zake watatu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye zaidi ya saa nzima wakijua ni mwenzao, wafanyakazi wa kitengo cha kompyuta ambao wamekaa zamu mfululizo ili sisi tuweze kukaa hapa, walimu waliomwachia kijana wetu aje, na wafuaji wa mashuka waliofunga chumba chao jana asubuhi kwa heshima yake. Yupo pia jirani mmoja ambaye hatujamjua. Tuliporudi kutoka hospitali siku ile, saa nane mchana, nguo alizozianika dada asubuhi zilikuwa zimeanuliwa, zimekunjwa na kuwekwa juu ya kiti barazani, gauni lake likiwa juu kabisa, na mikono ya gauni ilikuwa bado mibichi. Kama uko hapa, asante, tumelishika kwa zamu gauni lile hadi likatukaukia mikononi.

Dada, hatukujiandaa, lakini wewe pumzika, upumzike kwa amani.